Debe moja kwa kila mtoto: shajara ya chakula cha mchana shuleni kwetu, Kongwa

18 Mei 2024. Kabla ya kuanza

Shule yetu ni ya msingi, ya serikali, kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, si mbali sana na soko la mahindi la Kibaigwa. Wanafunzi ni 386, kuanzia awali hadi la saba. Vitongoji ni vitano, na kutoka kile cha mbali mtoto hutembea saa moja na nusu. Mimi ni mzazi mwenye watoto wawili pale na mjumbe wa kamati ya shule. Kazi ya kuandika nimepewa kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, ndimi ninayependa kubishana kwenye hesabu.

Kilichotusukuma ni daftari la mahudhurio. Mwalimu wa darasa la sita alianza kuita majina mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya mapumziko ya mchana. Asubuhi 41. Mchana 23. Wengine walikwenda nyumbani kula, wakakuta mama yuko shamba na sufuria imefunikwa kifudifudi, wakaona hakuna haja ya kurudi. Mwalimu hakuwalaumu. "Mimi mwenyewe nikishinda njaa sifundishi," alituambia.

Tulishajaribu uji mwaka 2022 na ukaenda ukisuasua. Sukari ilipopanda mwanzoni mwa mwaka huu, uji ukafa bila kuzikwa. Safari hii tumeamua makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja: mahindi hayasagwi, sukari haihitajiki, na mtoto akila bakuli moja anafika jioni.

Kwa atakayetaka kuiga, aanze na hili: walimu wasishike mchango. Elimu bila ada ilianza na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na Waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua kazi ya kila upande. Sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vikabaki kwa mzazi. Lakini watu wengi walisikia neno moja tu, "bure". Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni, hata walimu waliokuwa na nia njema waliogopa kutamka neno mchango. Kwa hiyo kwetu kila kitu kinapitia mkutano mkuu wa kijiji, kinaandikwa kwenye muhtasari, kinakusanywa na wenyeviti wa vitongoji na kupewa stakabadhi ya kijiji. Mwalimu mkuu anahudhuria na kusikiliza. Ruzuku ya serikali, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ina kazi zake na sehemu yake ni ya vitabu. Haiwezi kulisha mtu.

2 Juni 2024. Mkutano wa kijiji

Jumapili baada ya ibada, chini ya mkwaju. Waliokuja ni wengi kuliko nilivyotarajia, maana mavuno yameingia na watu wana nafasi. Tumekubaliana debe moja la mahindi, kilo nne za maharage na shilingi 2,000 kwa kila mtoto.

Hesabu nilipiga mimi. Gramu 150 za mahindi kwa mtoto kwa siku, kwa watoto 386, ni kilo 58 kasorobo hivi. Debe ni kilo 18. Wote wakitoa tunapata siku 120, wakati muhula huu wa pili una siku kama mia moja tu. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba tutabakiza. Hiyo sentensi nimeshakumbushwa mara nyingi.

Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, zimesamehewa mahindi. Zitaleta nguvu kazi, maji au kupepeta. Mzee mmoja aliuliza kwa nini mwenye watoto wanne atoe debe nne wakati mwenye mmoja anatoa moja, na shule ni ya kijiji kizima. Tulimjibu haraka haraka ili tumalize. Tulikosea, na swali lake limeturudia mwaka mzima.

6 Julai 2024. Debe si debe

Watoto 251 wamelipiwa kati ya 386. Hilo nilikuwa tayari kulipokea. Ambalo sikuwa tayari ni mlima wenyewe. Niliutazama ghalani nikaona haufanani na debe 251.

Tumeazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa alizeti, tukapima magunia yote siku mbili. Kilo 4,066. Ukigawa kwa 251 unapata kilo 16.2 kwa debe, si 18. Hakuna aliyeiba. Kila kitongoji kilitumia debe lake: kimoja lilikuwa la bati lililobonyea tako, viwili walitumia ndoo ya plastiki ya rangi, na kingine walifuta juu kwa fimbo wakati jirani zao walijaza mpaka yanamwagika. Kina mama waliokuwa wanapepeta walicheka sana. Mmoja akasema, "Debe shinda haliachi kutika, na hili lenu lilikuwa linatika tangu mwanzo."

Kosa la pili ni la maharage. Kilo nne kwa kila mtoto zilitakiwa kuwa kilo 1,004, tumepata 317. Hapa kwetu maharage hayalimwi, tunanunua kama tunavyonunua sabuni. Tuliwataka watu wakatoe fedha mfukoni kwa jina la mazao. Wanacholima ni kunde, choroko, njugu mawe na karanga. Tumetangaza upya kwamba jamii yoyote ya kunde inapokelewa, na ndani ya wiki moja zimeingia kilo 290 bila mtu kumfuata mtu mlangoni.

Kongwa hii ndiko Waingereza walikomwaga fedha kwenye mradi wao wa karanga kuanzia 1947, wakauacha 1951 kwa sababu ardhi na mvua havikuwa walivyopanga mezani. Sisi tuliozaliwa hapa tumepangia maharage mahali pasipo na maharage. Sina la kuwacheka nalo.

26 Julai 2024. Orodha mlangoni

Jikoni kumewashwa moto Jumatatu tarehe 15. Sufuria mbili za lita 100 zimegharimu 420,000 kutoka kwenye ile 502,000 ya fedha taslimu. Kila kitongoji kinapika siku yake.

Sasa kosa kubwa, na wazo lilikuwa langu. Nilisema wanaokula wawe watoto wa waliotoa tu. Tukaandika orodha, na wiki ya kwanza nilisimama mwenyewe mlangoni nikisoma majina. Watoto 251 ndani, 135 nje. Nilidhani wazazi wa walio nje watasikia aibu na kuleta.

Siku ya tatu niliona mtoto wa la pili anatoka na sahani haijafika nusu, anakwenda nyuma ya darasa. Nikamfuata nikidhani anamwaga. Kulikuwa na watoto tisa huko na sahani nne, wanakula kwa zamu, na mmoja anahesabu matonge kwa sauti ili asipunjwe mtu. Kumbe walikuwa na utaratibu wao tangu siku ya pili. Walionitazama hawakukimbia; walinyamaza tu, wakisubiri niseme. Sikusema. Nikarudi mlangoni, na orodha nikaendelea kuisoma kwa siku mbili zaidi kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Na je, wazazi walileta? Kwa wiki mbili zimeingia debe tatu. Darasa la sita mchana wakawa 27, wengi ni wale wale wa zamani, na baadhi ya waliokuwa wakirudi mchana bila kula wakaacha kuja hata asubuhi. Mtoto anaweza kuvumilia njaa kimya kimya. Kusomwa jina kuwa kwenu hamjatoa ni kitu kingine.

Jana kamati imekaa mpaka taa za simu zikazima. Wazazi waliotoa walikuwa na hoja nzito: "Mimi nimetoa debe mbili, jirani yangu anakunywa pombe ya mtama aliyovuna, halafu watoto wetu wanakula sahani moja?" Mwafaka tuliofikia ni huu: kuanzia Jumatatu wanakula wote. Deni ni la mtu mzima na litadaiwa na mwenyekiti wa kitongoji, kwenye mkutano wa kitongoji, mbele ya watu wazima wenzake. Daftari la wadaiwa halikanyagi uwanja wa shule. Wajumbe wawili hawakuridhika na wamesema iandikwe. Imeandikwa.

24 Agosti 2024. Jiko, kuni na magadi

Mkokoteni mmoja wa kuni ni 25,000, na kwa mafiga uliisha siku nne. Fedha zilipokata, watoto wakaanza kuagizwa kuni, kila mmoja na kijiti chake. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanaingia vichakani kabla ya kengele, na Agosti nyoka hawajalala wote.

Tumejenga jiko banifu la matofali ya kuchoma lenye matundu mawili. Matofali yametoka kwa watu. Saruji mifuko sita 105,000, vyuma 95,000, bomba 48,000, fundi 150,000. Jumla 398,000. Serikali ya kijiji imetoa 200,000 katika mapato yake, mwenye mashine ya kusaga 100,000. Kilichobaki tunadaiwa, na fundi ni mpole, kwa sasa.

Jiko lilipowashwa lilirudisha moshi wote ndani. Kina mama walitoka wakilia kama wako msibani. Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, bomba liliishia chini ya kilele cha paa, na upepo wa huku wa Agosti unaujua mwenyewe. Ulikuwa unausukuma moshi chini. Tuliongeza mita moja na kofia, 22,000. Pili, fundi alijenga matundu kabla sufuria hazijaletwa. Moja ikakaa imening'inia na pengo la viganja viwili, moto ukapita pembeni. Alibomoa na kujenga upya bila malipo. Anayetaka kuiga, sufuria ifike kwanza, fundi aipime ikiwa chini, ndipo achanganye udongo. Baada ya hapo mkokoteni mmoja umekwenda siku tisa.

Muda wa kupika nao umepungua, lakini si kwa jiko tu. Mahindi na kunde vinalowekwa jioni. Kabla ya hapo wapishi walikuwa wanatia magadi ili viive upesi. Nesi wa zahanati alipita akaonja, akasema magadi yanaua vitamini na kwamba tukiloweka usiku kucha hatuyahitaji. Mpishi mkuu wa siku ya Alhamisi hakumwamini mpaka alipojaribu. Sasa anasema ni wazo lake.

Tuna jambo ambalo hatujalitatua. Serikali imeelekeza taasisi zinazolisha zaidi ya watu mia moja ziachane na kuni na mkaa, na mwezi Mei umezinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034. Sisi tunalisha 386. Tumepiga hesabu ya gesi kwa makande yanayochemka saa tatu, tukaikunja karatasi. Mpaka ipatikane njia, jiko banifu ndilo tulilonalo, na tumelieleza hivyo kwa barua.

5 Oktoba 2024. Scania imepita

Huku dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, anaitwa Scania, kama lile lori, kwa jinsi anavyobeba mzigo. Kwa hesabu ya daftari la mpishi, ghalani zilitakiwa kubaki kilo 910. Tumepepeta na kupima: 610. Magunia matatu yamekuwa unga mweupe sakafuni, na sisi tulikuwa tunaufagia kila Ijumaa tukidhani ni vumbi la kawaida.

Tulihifadhi kwenye magunia ya kawaida, juu ya sakafu, yakigusa ukuta. Dawa ya unga tuliogopa kuweka kwa sababu ni chakula cha watoto na hatukuwa na mtu wa kusoma kipimo. Tulichotakiwa kufanya ni kununua mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Mmoja ni 5,000, na wadudu hufa kwa kukosa hewa. Kwa mzigo wa Julai ingekuwa mifuko arobaini na moja, yaani 205,000, na sisi tulijiona tumebana matumizi.

Zilizobaki ni siku kumi na nusu. Utabiri wangu wa kubakiza umeishia hapo.

30 Novemba 2024. Mwezi wa ukimya

Chakula kiliisha Jumatatu tarehe 21 Oktoba. Kuanzia hapo mpaka leo hakuna kilichofanyika, na nitasema kwa nini. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba. Wenyeviti wote watano wa vitongoji walikuwa wanatetea viti au wanajiandaa kuvipoteza. Nani atasimama kudai mahindi wiki tano kabla ya kura? Mmoja alinijibu bila kuficha: "Katibu, wewe hugombei kitu."

Kilichopatikana bila kutafutwa ni ushahidi. Mwalimu wa la sita hakuacha kuita majina mara mbili. Mei, bila chakula, mchana walikuwa 23. Septemba, wote wanakula, 38. Novemba, bila chakula, 25. Darasa ni lile lile, mwalimu yule yule, jua lile lile. Nimeibandika karatasi hiyo kwenye ofisi ya kijiji, na hakuna nilichosema mwaka mzima kilichosomwa na watu wengi kiasi hicho.

Fundi amelipwa deni lake la 120,000 kwa michango ya kamati wenyewe. Upole wake ulikuwa umefika mwisho.

26 Januari 2025. Uongozi mpya

Wenyeviti watatu kati ya watano ni wapya. Tulianza kueleza mradi upya kama vile haujawahi kuwapo. Tuliomba mchango wa dharura, tukakataliwa kwa heshima: huu ni mwezi wa palizi, ghala za watu ni tupu, na anayenunua debe sokoni hawezi kulitoa. Walikuwa sahihi. Mchango wa mazao una mwezi wake, nao ni Juni. Januari unamuomba mtu fedha.

Kwa hiyo hatupiki mpaka Julai. Imeniuma kuandika hivyo, lakini kamati zilizochoka zinakufa kwa kulazimisha mambo wakati wa njaa.

22 Machi 2025. Maji na shamba

Maji yalikuwa yanatoka kisima cha pampu, kilomita moja na nusu, kila mtoto na dumu lake la lita tatu. Wanafunzi wa zamani walioko Dodoma mjini na Dar es Salaam walikuwa na kundi la WhatsApp la kutakiana heri ya Iddi na Krismasi. Tuliwatumia picha ya madumu na bei ya tanki, bila maneno mengi. Tanki la lita 5,000 kwa 950,000 na mifereji ya bati 130,000 vimefika ndani ya wiki sita. Kosa letu lilikuwa dogo: tuliweka tanki juu ya udongo mtupu, likaanza kuinama baada ya mvua ya pili. Tumelitoa maji yote, tukajenga msingi wa mawe, tukalirudisha. Lita 5,000 za mvua zimemwagwa kwa mikono yetu wenyewe.

Kijiji kimetupa ekari sita za shamba la shule. Zimelimwa kwa plau za ng'ombe, kila kitongoji siku moja. Ekari tatu alizeti, mbili mahindi, moja mtama. Wazee wanasema ndiyo Elimu ya Kujitegemea ya 1967 imerudi. Wanakumbuka pia kwamba wakati mwingine ilikuwa ni watoto kulima shamba la mwalimu, ndiyo maana tumeandika kwenye muhtasari: palizi ni ya wazazi, watoto wanaingia shambani kwa kipindi cha somo tu.

17 Mei 2025. Ndege

Kweleakwelea wamekula mtama wote. Ekari nzima, siku nne. Kuna aliyependekeza watoto wa la tano wakalinde ndege asubuhi, kwa zamu. Mwalimu mkuu alikataa palepale na nimempenda kwa hilo: tunapika ili mtoto akae darasani, halafu tumtoe darasani akafukuze ndege ili tupike? Mwakani mtama hatupandi.

Mahindi yametoa gunia 11. Alizeti gunia tisa, zimekamuliwa, zimetoa dumu saba za lita 20. Mashudu tumewauzia wafugaji, na baada ya kulipa kukamua imebaki 180,000.

14 Juni 2025. Mavuno ya pili, kwa mizani

Safari hii tulianza na swali la yule mzee. Mkutano umekubali kwamba kaya inatoa kwa watoto watatu tu. Wa nne na kuendelea wanabebwa na kijiji. Kiasi kimebishaniwa kwa saa mbili. Hesabu halisi ya siku 194 za mwaka wa shule ni kilo 29 kwa mtoto. Watu wamesema hapana. Tumefika kilo 24 za mahindi, kilo sita za jamii yoyote ya kunde, na 5,000 taslimu. Nimejifunza kutokubishana na kilo tano. Kilo 24 zinazoletwa ni nyingi kuliko 29 zilizoandikwa.

Neno debe limefutwa. Mizani inazunguka vitongojini, siku moja kila kitongoji, inaning'inizwa mtini mbele ya watu na kila mtu anasoma mshale mwenyewe. Kumbe hata waliokuwa wagumu mwaka jana hawakuwa wagumu kwenye mahindi. Mama mmoja aliniambia mwaka jana alijaza debe mpaka juu, akamwona mwenzake anafuta kwa fimbo, wote wakapewa stakabadhi moja. "Nilijiona mjinga," alisema. Mwaka huu ameleta kwa watoto wake watatu siku ya kwanza.

Kila mzigo unapimwa unyevu kabla haujapokelewa. Tunaogopa sumukuvu, na si kwa kusikia tu. Mwaka 2016 iliua watu mkoani kwetu na Manyara. Kipimo ni cha bei ya chumvi: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi yafike kama theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, mwenyewe anarudi nayo juani. Tumewarudisha watu 19. Wawili walikasirika, mpaka tulipotikisa chupa mbele yao.

Mifuko ya kuzuia hewa tumenunua 85, kwa 425,000. Fedha zake zimetoka kwenye faini? Hapana. Tulitaka kutunga sheria ndogo ya kijiji yenye faini, lakini inapaswa kupita halmashauri na bado iko njiani. Fedha zimetoka kwa wafanyabiashara wa mazao wawili na kijiji. Kanuni moja ya mifuko: ukifungua umalize. Ukichota leo ukafunga kesho, hewa imeshaingia na Scania anafufuka.

19 Julai 2025. Wiki ya kwanza

Tumeanza tena Jumatatu tarehe 14. Wanafunzi sasa ni 394. Ukiondoa 37 wa kaya zilizosamehewa na 21 waliobebwa na kijiji, tulitarajia mchango wa watoto 336. Umetolewa wa watoto 298. Kilo 7,152, ukijumlisha kilo 1,100 za shamba ni 8,252. Kwa gramu zetu 150, siku 139.

Tumeamua kutopika Ijumaa, siku ambayo watoto huondoka mapema. Kwa siku nne kwa wiki mahitaji ni siku 155. Tunapungukiwa siku 16. Safari hii nimezitaja mkutanoni kabla mtu hajauliza, na hakuna aliyecheka.

Zamu za vitongoji jikoni zimekwisha. Mwaka jana kila siku ilikuwa na chumvi yake, na Alhamisi watoto walikuwa wanakula saa kumi. Tumeajiri wapishi wawili, 80,000 kila mmoja kwa mwezi, wamepimwa afya zahanati na watapimwa tena baada ya miezi sita. Kwa miezi kumi ni 1,600,000. Taslimu iliyokusanywa ni 1,490,000, na 110,000 zimetoka kwenye mashudu. Iliyobaki, 70,000, ni ya chumvi. Mafuta tuliyonayo hayafiki nusu ya tunayohitaji, kwa hiyo yanatiwa siku mbili kwa wiki. Siku nyingine wapishi wanatia mlenda uliokaushwa, na watoto wa hapa hawajawahi kulalamikia mlenda.

Wadaiwa 38 wako kwenye madaftari ya vitongoji. Watoto wao wanakula. Juzi nilipita nyuma ya lile darasa walikokuwa wakigawana sahani, pako wazi, wanacheza rede.

Mwenye mizani ametuma ujumbe: msimu wa kununua alizeti umefika, anaitaka Ijumaa. Mpya Kibaigwa ni 185,000. Hatuna, na bado kuna kitongoji kimoja hakijamaliza kupima.